Faraja ya Pumzi na Tiba ya Pumzi

Mtu aweza kuishi majuma kadhaa bila chakula, na siku chache bila maji. Lakini pumzi ikizuiliwa kwa dakika chache tu, uhai wake umekwisha. Kwa sababu hiyo hapana watu duniani ambao hawakutafuta dawa ya pua iliyoziba na kifua kilichobana. Wengine walichemsha majani wakavuta mvuke wake. Wengine walichoma mizizi wakavuta moshi wake. Wengine walisugua mafuta kifuani. Mtu wa leo hutia mkono mfukoni, akatoa kibomba cha plastiki kisichozidi kidole kwa ukubwa, akakiweka puani, akavuta harufu kali ya mafuta ya mimea, na mara uso wake ukakunjuka. Kibomba hicho ni kidogo, lakini historia yake ni ndefu, nayo yapita karibu na vilima vyetu wenyewe. Tena ina fundisho ambalo kila kijana yampasa alijue mapema, maana siku moja laweza kuokoa maisha: kuifariji pumzi ni jambo moja, na kuiponya ni jambo jingine.

Na tuanze karibu na nyumbani. Atokaye Nairobi kwa njia ya Mombasa, akiisha kuupita mji wa Athi River, huona kilima cha mawe kimeinuka katika uwanda mpana wa nyasi. Hicho ndicho kilima cha Lukenya, katika Machakos. Upande mmoja ni nyika za Athi na Kapiti, ambako Wamasai walichunga ng'ombe zao tangu zamani. Upande wa pili ni vilima vya Mua na nchi ya Wakamba. Mahali hapa huyajaribu mapafu ya watu kwa njia mbili. Kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti kuna baridi na ukungu wa asubuhi, na mafua huenea katika nyumba na mabweni ya shule. Mvua zikikatika, upepo huinua vumbi la nyika, na tangu miaka ya 1950, kiwanda cha saruji kilipojengwa Athi River, kazi ya saruji na ya machimbo ya mawe imeongezwa juu ya vumbi la asili.

Watu wamekaa Lukenya tangu zamani mno. Chini ya majabali yake wataalamu wa mambo ya kale walichimba, hasa katika miaka ya 1970, wakapata zana za mawe, mifupa ya wanyama waliowindwa, na kipande cha fuvu la kichwa cha binadamu. Vitu hivyo vyatuonyesha kwamba wawindaji walijikinga katika mapango hayo zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Lakini mwanafunzi wa historia na akumbuke kwamba mawe hudumu, na majani huoza. Kisu cha jiwe hukaa ardhini hata kichimbuliwe. Dawa ya majani haiachi alama. Basi historia ya dawa za pumzi haisomwi katika udongo. Husomwa katika desturi za watu, katika majina ya mimea, katika hesabu za wafanya biashara, na siku hizi katika vyombo vya wataalamu wa kemia.

Katika vichaka vya Lukenya na nyika ya Athi huota mti mdogo ambao Wamasai huuita ol-leleshwa, na Wakenya wengi leleshwa. Majani yake ni ya kijivujivu juu na meupe chini, nayo yakifikichwa hutoa harufu kali iingiayo puani kama baridi. Wamasai waliyatia makwapani ili kuondoa harufu ya jasho. Mti huo huo huota hata Afrika ya Kusini, na huko watu waliyachoma majani yake na kuvuta moshi kwa ajili ya pua iliyoziba, maumivu ya kichwa na pumu. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliupa jina la Kilatini Tarchonanthus camphoratus, kwa kuwa ulinukia kama kafuri. Lakini wataalamu walipoyakeneka majani yaliyochumwa Kenya, waliona kafuri kidogo tu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ilikuwa ni vitu vingine, na kimojawapo ni sineoli, kile kile kilichomo kwa wingi katika mafuta ya mkaratusi. Jina lilitolewa kwa kufuata pua, na pua ilikosea. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana tutaona tena jinsi pua inavyoweza kumdanganya mwenyewe.

Mafuta tunayoyasema hapa si kama mafuta ya nazi au ya simsim. Tone la mafuta ya nazi likianguka juu ya karatasi huacha doa lisilokauka. Tone la mafuta ya mkaratusi hugeuka mvuke likatoweka, nayo harufu ikajaa chumba. Ili kuyapata, majani hutiwa katika chungu chenye maji na kuchemshwa, mvuke hupitishwa katika bomba lililopozwa, nao hurudi kuwa maji yenye mafuta yanayoelea juu. Kazi hiyo huitwa kukeneka. Waarabu waliijua vizuri; katika karne ya 9 al-Kindi, mwanachuoni wa Iraki, aliandika kitabu juu ya manukato na jinsi ya kuyakeneka. Biashara ya Bahari ya Hindi iliyaleta manukato hayo katika pwani yetu. Ubani na udi vilifukizwa majumbani, na kafuri ilitiwa katika maji ya kuoshea maiti kabla ya kuvikwa sanda. Baada ya karafuu kustawi Unguja na Pemba katika karne ya 19, mafuta yake nayo yakawa bidhaa. Katika karne hiyo hiyo misafara ya Wakamba waliobeba pembe za ndovu ilikwenda na kurudi kati ya Ukambani na Mombasa, na hivyo bara na pwani, kila mmoja na majani yake na harufu zake, zilikutana sokoni.

Reli ilileta mti mwingine. Magari ya moshi ya reli ya Uganda, ambayo yalifika Nairobi mwaka 1899 baada ya kuukata uwanda wa Athi, yalihitaji kuni nyingi. Kwa hiyo, tangu mwaka 1902, mikaratusi kutoka Australia ilianza kupandwa Kenya, kwa kuwa hukua upesi. Huko kwao Australia mti huu ulikuwa umekwisha kuwa mali. Mwuza dawa mmoja aliyetoka Uingereza, Joseph Bosisto, alianza kuyakeneka majani yake katika jimbo la Victoria katika miaka ya 1850, na mafuta hayo yakauzwa duniani kote. Serikali ya kikoloni iliupanda mkaratusi kwa ajili ya kuni, lakini wananchi waligundua faida ya majani. Katika nyumba nyingi za Kenya, mtoto akishikwa na mafua, majani huchemshwa katika sufuria, naye hufunikwa blanketi pamoja na sufuria hiyo avute mvuke. Hivyo mti uliopandwa kwa ajili ya kulisha injini ukawa dawa ya nyumbani, hata leo wengi hudhani kwamba ni dawa ya asili ya mababu. Desturi si lazima iwe ya kale sana ili iaminiwe sana.

Hofu nayo ilikuza biashara ya harufu. Katika mwezi wa Septemba 1918 homa kubwa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia iliingia Kenya kwa njia ya Mombasa, ikapanda bara kwa kufuata reli. Hapakuwa na dawa ya kuiua. Katika nchi nyingi watu walishika walichokipata: walivuta mafuta ya mkaratusi, wakatia kafuri katika vifuko na kuvivaa shingoni. Kule Marekani dawa ya kusugua kifuani iliyotengenezwa na Lunsford Richardson, mwuza dawa wa North Carolina, nayo ikaitwa Vicks VapoRub, ilinunuliwa kupita kiasi. Ilikuwa na mentholi, kafuri na mafuta ya mkaratusi. Haikuzuia kifo. Mamilioni ya watu walikufa duniani. Ila tusiwacheke. Mtu asiye na dawa hushika faraja, na katika usiku wa homa faraja si kitu cha kudharauliwa.

Chombo chenyewe cha kuvutia mvuke kina nasaba yake. Mwaka 1778 John Mudge, tabibu wa Plymouth katika Uingereza, alieleza katika kitabu chake jinsi ya kukigeuza kikombe cha madini chenye kifuniko kuwa chombo cha kuvutia mvuke wa maji moto kwa ajili ya kikohozi. Baadaye vikaja vyombo vya kauri vyenye mdomo wa kioo, vilivyokaa mezani kama birika la chai. Wakati huo mentholi, kitu kigumu kama chumvi kitokacho katika mafuta ya mnanaa, ilikuwa imekwisha kujulikana. Tena ilikuwa na sifa kubwa, kwamba hutoa mvuke wake bila kuchemshwa. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wakaanza kuuza vibomba vidogo vya kioo vilivyotiwa mentholi ndani, mtu akaweza kutembea navyo mfukoni. Katika karne ya 20 kioo kikawa plastiki, na ndani pakatiwa kitambi cha pamba kilicholoweshwa mafuta. Sufuria, blanketi na moto vikaingia katika kitu kimoja cha kushikwa kwa vidole viwili.

Sasa lazuka swali lenyewe. Je, kibomba hiki huizibua pua kweli? Kila akitumiaye atajibu kwamba ndiyo, maana amesikia mwenyewe hewa ikipita. Lakini katika miaka ya 1980 mtaalamu Ron Eccles, wa Chuo Kikuu cha Cardiff katika Wales, alilipima jambo hilo kwa vyombo badala ya kusadiki maneno tu. Watu walivuta mentholi, wakasema kwamba pua zimefunguka; vyombo vikaonyesha kwamba njia ya hewa imebaki kama ilivyokuwa. Uvimbe haukupungua na kamasi haikuondoka. Kilichobadilika ni habari iliyopelekwa katika ubongo.

Sababu yake ilijulikana baadaye. Katika mishipa ya fahamu ya pua, mdomo na ngozi kuna vipokezi vidogo mno ambavyo kazi yake ni kutuarifu kwamba kuna baridi. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Marekani, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja na wenzake, walikieleza kipokezi hicho, wakaonyesha kwamba mentholi hukiamsha kama vile baridi ikiamshavyo. Mwaka 2021 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao juu ya jinsi mwili unavyotambua joto, baridi na mguso. Hata mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili: atafune pipi ya mnanaa, kisha anywe maji ya kawaida, maji yatakuwa kama yametoka katika barafu, ingawa hayakupoa hata kidogo. Ndivyo ilivyo katika pua. Hewa inayopita kwa kawaida huipoza pua, na ubongo umezoea kuihesabu baridi hiyo kuwa dalili ya hewa nyingi. Mentholi huleta dalili bila kuleta hewa. Sineoli ya mkaratusi, ambayo imo pia katika leleshwa, hukigusa kipokezi hicho hicho, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Je, basi ni udanganyifu mtupu? La. Mtu mwenye mafua ambaye hawezi kulala kwa kuhisi kwamba anakosa hewa, akipata hisia ya hewa atalala, na usingizi utausaidia mwili wake kujiponya. Mafua ya kawaida huondoka yenyewe baada ya siku chache. Faraja yatosha kumvusha mgonjwa mpaka siku hizo ziishe. Hatari ni pale ugonjwa unapokuwa si mafua.

Pumu ni ugonjwa wa namna nyingine. Katika pumu, mirija midogo iliyo ndani kabisa ya mapafu hujikaza na kuvimba, na hewa hushindwa hasa kutoka, hata kifua kikalia kama filimbi. Harufu inayofurahisha pua haifiki huko kufungua kitu. Bali kwa wagonjwa wengine harufu kali yenyewe huamsha shambulio. Ni kweli kwamba iko mimea iliyofungua mirija hiyo. Mranaha, gugu lenye maua marefu na matunda yenye miiba, ulivutwa kama tumbaku na wagonjwa wa pumu huko Bara Hindi, na mwanzoni mwa karne ya 19 desturi hiyo ikapelekwa Uingereza. Uliwasaidia wengi, kwa kuwa una dawa iitwayo atropini; lakini mranaha ni sumu, humtia mtu wazimu na kumwua, wala mtu asiuguse kwa kujaribu. Wataalamu waliichukua nguvu ya atropini, wakaibadilisha hata wakapata dawa ya mapafu ambayo madaktari waitumia leo. Mwaka 1956 kampuni ya Riker ya Marekani ilitoa chombo cha kwanza kinachopuliza kipimo kamili cha dawa kwa kila mbonyezo, na mwaka 1969 ikaja salbutamoli, dawa iliyomo katika inhela nyingi za pumu za siku hizi.

Hapa ndipo vitu viwili vinapofanana kwa macho na kutofautiana kwa kazi. Vyote ni vya plastiki, vyote hukaa mfukoni, vyote huvutwa kwa pumzi. Kimoja huleta habari ya hewa. Cha pili hufungua njia ya hewa. Anayekishika cha kwanza wakati anapokihitaji cha pili atasikia ubaridi mzuri puani huku kifua kikiendelea kufunga, na kwa kuwa amefarijika kidogo atachelewa kuomba msaada. Katika pumu, kuchelewa ndiko kuuako.

Yako mambo mengine ya kuangaliwa. Mafuta haya ni makali kuliko majani yalikotoka, maana tone moja limekusanya nguvu za majani mengi. Kafuri ikimezwa yaweza kumtia mtoto kifafa, na mafuta ya mkaratusi yakinywewa ni sumu. Mentholi isiwekwe puani mwa mtoto mchanga, kwani yaweza kumfanya akabwe na koo lake mwenyewe. Sufuria ya maji moto chini ya blanketi imewaunguza watoto wengi. Na katika mwaka 2020 na 2021, ugonjwa wa korona ulipoenea na watu wa Kenya na Tanzania wakajifukiza kwa bidii, madaktari walilazimika kukumbusha kwamba mvuke hauui virusi. Kwa upande huo kibomba cha kunusia ni salama kuliko sufuria: hakina moto, na dawa iliyomo ni kidogo. Lakini kisiazimwe, maana mwenye mafua humpa mwenzake mafua pamoja na harufu.

Mtu asidhani kwamba elimu imekuja kuyatupa majani ya wazee. Huko Kakamega, magharibi ya Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru walianza kulima mmea wa jamii ya mrihani uitwao Ocimum kilimandscharicum, ambao kweli una kafuri nyingi. Kwa msaada wa wataalamu wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Nairobi, walijifunza kuukeneka na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub, kwa ajili ya mafua na maumivu. Faida ilikuwa mbili: wakulima walipata fedha, na msitu wa Kakamega ulipata nafuu, maana mmea ulilimwa shambani badala ya kuchumwa msituni. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Waliyashika majani kama walivyoyashika wazee, ila waliongeza mizani, kipimo na jina la kweli la kilichomo.

Hivyo ndivyo inavyotupasa kuitazama leleshwa ya Lukenya. Imewafaa watu wa nyika kwa kadiri yake, nayo yastahili kuhifadhiwa, hasa sasa ambapo vichaka vyake hufyekwa kwa makaa na kwa viwanja vya nyumba. Wazee walioinusa hawakuwa wajinga. Walisema kweli waliposema kwamba kifua kimepata raha. Kosa huanza pale raha inapoitwa uponyaji. Kijana akaaye bwenini, akimsikia mwenzake usiku kifua chake kikilia, maneno yakimkatika katikati na mabega yakiinuka kwa kila pumzi, asimpe kibomba cha kunusia akarudi kulala. Amkalishe wima, amtafutie inhela yake ya pumu, amwamshe mwalimu, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kungojea asubuhi. Harufu nzuri ina saa yake, na dawa ina saa yake; aliyeelimika ni yule azijuaye saa hizo mbili.